Sumukuvu: Historia ya Maghala Yetu na Sumu Iliyomo

Katika mwaka 2016, kwenye vijiji vya mikoa ya Dodoma na Manyara, watu walifika zahanati wakiwa na macho ya njano, matumbo yaliyovimba na kutapika kusikokoma. Mlipuko ulipokwisha, wagonjwa 68 walikuwa wamehesabiwa, na 20 kati yao, wakiwemo watoto, walikuwa wamefariki dunia. Chanzo kilikuwa mahindi yao wenyewe, waliyoyalima, kuyavuna, kuyahifadhi na kuyasaga, yakiwa na sumu ya kuvu kwa kiwango kinachoua. Baada ya mazishi yalifuata mafundisho: kausheni nafaka vizuri, msianike mahindi juu ya udongo, safisheni maghala. Mafundisho hayo ni sahihi na hayafai kupuuzwa. Lakini yana kasoro moja kubwa, kwamba yanamfanya mkulima aonekane ndiye mwanzo wa tatizo, kana kwamba sumu hii ilizaliwa katika uzembe wa kaya moja. Historia inasema vingine. Sumukuvu imejikita katika chakula chetu kwa mageuzi matatu yaliyochukua takriban karne nzima: tulibadili zao, tukabadili namna ya kulihifadhi, kisha tukabadili soko linalolinunua. Kila badiliko lilikuwa na sababu yake, na mengi yalishauriwa au kuamuliwa na dola. Gharama yake ndiyo iliyoachiwa kaya.

Sumukuvu ni sumu zinazotengenezwa na aina fulani za kuvu zinazoota kwenye nafaka, karanga, muhogo mkavu na viungo. Inayoogopwa kuliko zote ni aflatoksini, itokanayo hasa na kuvu iitwayo Aspergillus flavus. Kuvu hii huishi udongoni na hupenda joto. Huingia kwenye hindi lililodhoofishwa na ukame au lililotobolewa na wadudu likiwa bado shambani, kisha huendelea kustawi ghalani iwapo punje zina unyevu unaozidi asilimia 13 au 14. Sumu yenyewe haina rangi, harufu wala ladha, kwa hiyo unga mweupe unaopendeza macho unaweza kuwa nayo. Moto wa jikoni hauiondoi, maana ugali huiva kwenye maji yanayochemka kwa nyuzi 100, na sumu hii huhitaji joto linalozidi nyuzi 200 ili ivunjike. Anayekula nyingi kwa muda mfupi huharibika ini na anaweza kufa katika siku chache. Anayekula kidogo kidogo kwa miaka hujiweka katika hatari ya saratani ya ini, na ndiyo maana Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, pamoja na moshi wa tumbaku. Hatari hiyo huwa kubwa zaidi kwa mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B. Wataalamu wa FAO na WHO walikadiria mwaka 1998 kwamba kwa mtu wa namna hiyo nguvu ya sumu hii kuleta saratani ni takriban mara 30 ya ilivyo kwa asiye na virusi.

Namna dunia ilivyoitambua sumu hii inaeleza mengi kuhusu kwa nini sisi tulichelewa. Mwaka 1960, batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa nchini Uingereza kwa ugonjwa usiojulikana. Uchunguzi uliongoza kwenye chakula chao, kwa mashudu ya karanga yaliyoagizwa kutoka Brazili. Katika kipindi hichohicho maelfu ya vifaranga vya bata walikufa nchini Kenya baada ya kulishwa mashudu ya karanga, na karanga za Uganda zilikuwa miongoni mwa zile ambamo wanasayansi waliikuta kuvu yenyewe. Miaka michache ikapita, sumu ikatengwa maabara, ikapewa jina, na nchi tajiri zikaanza kutunga viwango vya kulinda mifugo yao na walaji wao. Afrika Mashariki basi ilikuwa ndani ya historia hii tangu siku ya kwanza, lakini iliingia kama muuzaji wa malighafi. Swali lililoulizwa lilikuwa: je, karanga zao zinafaa kulisha kuku wetu? Swali la pili, kwamba je, wanaolima karanga hizo wanakula nini, lilisubiri. Kifo cha bata kilikuwa na hasara inayoandikwa kwenye daftari la mfugaji, wakati kifo cha mwanakijiji kwa ini lililoharibika kiliandikwa kuwa homa ya manjano, au kurogwa, au hakikuandikwa kabisa.

Hata hivyo, ushahidi kuhusu watu haukukosekana. Mnamo 1967 kijana wa miaka 15 alifariki nchini Uganda baada ya kula muhogo ulioota kuvu, na kisa chake kikachapishwa katika jarida la kitabibu. Miaka hiyohiyo watafiti walikusanya sampuli 480 za vyakula kutoka sehemu mbalimbali za Uganda, wakakuta aflatoksini katika karibu asilimia 30 ya sampuli hizo. Mwaka 1973 Peers na Linsell walichapisha utafiti wao wa Murang'a, Kenya. Walipima chakula kilichokwisha kupikwa, tayari kuliwa, katika maeneo ya juu, ya kati na ya chini ya wilaya ile. Kadiri ardhi ilivyoshuka na joto kuongezeka, ndivyo sumu ilivyozidi katika chakula na ndivyo saratani ya ini ilivyozidi kwa watu. Kufikia hapo, zaidi ya miaka 50 iliyopita, serikali za eneo hili zilikuwa na kila sababu ya kuchukua hatua. Elimu ilikuwapo, tena ilipatikana hapahapa kwa kupima chakula chetu wenyewe. Kilichokosekana ni uamuzi wa kuifanya sumu hii kuwa suala la afya ya umma, kama ilivyofanywa kwa malaria au ndui.

Mageuzi ya kwanza ni ya zao. Mahindi asili yake ni bara la Amerika, na yalifika pwani yetu katika zama za Wareno. Kwa muda mrefu yalikuwa zao la pembeni katika sehemu kavu za bara, ambako chakula kikuu kilikuwa mtama, uwele na ulezi, na kwingineko ndizi au viazi vikuu. Karne ya 20 ndiyo iliyoyaweka mezani kila siku. Katika Vita Kuu ya Kwanza wapagazi na askari walilishwa unga wa mahindi kwa sababu ulikuwa rahisi kununua, kusafirisha na kugawa. Mashamba ya walowezi nchini Kenya yalilima mahindi meupe kwa ajili ya soko la nje na kwa posho ya vibarua. Mwaka 1942 serikali ya kikoloni ya Kenya iliweka mfumo wa kudhibiti ununuzi wa mahindi kwa bei maalumu. Baada ya uhuru mkondo haukubadilika. Kituo cha utafiti cha Kitale, Kenya, kilitoa mbegu chotara ya H611 mwaka 1964, na Tanzania ya miaka ya 1970 ilinunua mahindi kwa bei moja nchi nzima, hata yalipotoka mikoa ya mbali. Mikoa kame, ambako mtama ulivumilia jua, nayo ikaingia katika mahindi, zao ambalo ukame hulidhoofisha na kuliacha wazi kwa kuvu. Leo mtu mzima katika nchi hizi anaweza kula gramu 300 hadi 400 za mahindi kwa siku. Kwa ulaji wa namna hiyo, hata kiwango kidogo cha sumu katika kila kilo hujumlishwa mlo hadi mlo, asubuhi katika uji na jioni katika ugali.

Jambo jingine halikuja pamoja na mahindi. Watu wa Mexico na Amerika ya Kati, walioyaendeleza kwa maelfu ya miaka, huyachemsha katika maji ya chokaa, huyaosha na kuyamenya kabla ya kuyasaga. Utaratibu huo huondoa sehemu kubwa ya fumonisini, sumukuvu nyingine ya mahindi iliyotambuliwa Afrika Kusini mwaka 1988, na hupunguza aflatoksini pia. Mahindi yalipovuka bahari, utaratibu huo ulibaki kwao. Mababu zetu waliweka wa kwao: walichambua, wakatwanga kwenye kinu, wakapepeta, wakaloweka na kuosha. Kukoboa huondoa pumba na kiini, ambako sumu hukaa kwa wingi, na kuchambua punje mbovu kwa mkono ni miongoni mwa njia zenye manufaa zaidi zilizowahi kupimwa. Mashine ya kusaga ilipoenea vijijini iliwapunguzia akina mama kazi ngumu, na hilo ni jema lisilo na ubishi. Lakini mahindi yaliyopelekwa mashineni moja kwa moja kutoka guniani, yakasagwa kuwa dona, yalibeba kila kilichokuwamo. Dona lina virutubisho vingi kuliko sembe, na haifai kulipinga. Faida yake hutegemea usafi wa punje, kwa kuwa mashine haichambui.

Mageuzi ya pili yalitokea ghalani. Zamani mahindi yalihifadhiwa yakiwa bado kwenye magunzi, ndani ya kihenge kilichofumwa kwa fito ili upepo upite, au darini juu ya meko. Moshi na joto la moto vilikausha magunzi taratibu na kufukuza wadudu. Kisha, mwishoni mwa miaka ya 1970, mkoani Tabora alionekana mdudu mgeni kutoka Amerika ya Kati, ambaye wakulima walimwita dumuzi, wengine wakamwita Scania kwa jina la malori. Mdudu huyu hula mahindi yaliyo kwenye magunzi kuliko wadudu wote waliojulikana kabla yake. Katika Tabora ilipimwa hasara ya hadi asilimia 34 ya uzito wa mahindi katika miezi michache ya kuhifadhiwa. Serikali na washauri wake walijibu haraka: pukuchueni mahindi, changanyeni na dawa ya unga, wekeni kwenye magunia au vihenge vilivyosiribwa. Ushauri huo uliokoa chakula kingi. Lakini ulikuwa nusu ya ushauri. Hindi lililo kwenye gunzi ndani ya kihenge chenye upepo huendelea kukauka, wakati punje zilizopukuchuliwa mbichi na kufungwa ndani ya gunia hukaa na unyevu wao. Dawa iliua dumuzi na kuiacha kuvu. Mkulima alipewa njia ya kumshinda mdudu, hakupewa turubai la kuanikia, kifaa cha kupimia unyevu wala kikaushio cha kutumia msimu mvua inapokataa kukatika.

Matokeo yake yalionekana wazi ukambani. Mwaka 1981, wilayani Machakos, watu 20 walilazwa hospitalini kwa ini lililoharibika, na 12 kati yao walifariki. Mbwa na njiwa wa kaya hizo nao walikuwa wamekufa kabla yao. Maji yalikwisha kumwagika, lakini funzo halikuchukuliwa. Mwaka 2004, katika wilaya za Makueni, Kitui na jirani zake, mvua zilinyesha nje ya msimu wakati wa mavuno. Watu waliokuwa wametoka katika uhaba walivuna mapema, na kwa hofu ya wizi waliyaingiza mahindi ndani ya nyumba wanamolala badala ya kuyaacha ghalani. Wagonjwa 317 waliandikishwa na 125 walikufa. Uchunguzi wa watu waliougua na majirani zao wasiougua ulionyesha kwamba kuhifadhi mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba kuliongeza hatari kwa kiasi kikubwa. Sampuli 350 za mahindi na unga zilichukuliwa katika masoko ya eneo hilo. Zaidi ya nusu zilizidi sehemu 20 katika bilioni, kiwango cha juu kilichoruhusiwa na Kenya wakati ule, na asilimia 7 zilizidi 1,000. Takwimu hizo za sokoni ndizo zenye uzito kuliko zote, kwa sababu zinaonyesha kwamba maafa hayakuwa ya kaya chache zenye uzembe. Unga wenye sumu ulikuwa unauzwa na kununuliwa kama kawaida, na Makueni ilikuwa pale tu ambapo kiwango kilipanda hadi kikaonekana kwa macho.

Zipo pingamizi tatu zinazostahili kujibiwa. Ya kwanza husemwa na wengi: wazee wetu walikula mahindi yenye ukungu na wakaishi miaka mingi. Ni kweli wapo walioishi. Lakini sumu inayoleta saratani baada ya miaka 20 au 30 haimwachi mtu akaiunganisha na gunia la mwaka fulani, na wale waliokufa wakiwa na umri wa miaka 40 hawapo kutoa ushuhuda. Tena madhara yake hayaishii kwenye ini. Mwaka 2002 utafiti wa watoto 480 wa Benin na Togo ulionyesha kwamba watoto waliodumaa walikuwa na aflatoksini nyingi zaidi katika damu kuliko wenzao. Huko Rombo, mkoani Kilimanjaro, watoto wachanga waliopewa uji wenye fumonisini nyingi walikuwa wafupi na wepesi kuliko wengine. Mtaalamu mwangalifu atasema kwamba umaskini unaoleta chakula kibovu huleta udumavu pia, kwa hiyo si rahisi kutenga mchango wa kila kimoja. Hoja hiyo ni ya haki. Hata hivyo, ushahidi wa nchi mbalimbali unaelekea upande mmoja, na hakuna mzazi anayehitaji uthibitisho wa mwisho ili aache kumpa mtoto anayeachishwa ziwa uji wenye sumu ya ini.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi, nayo hutokana na ushahidi uleule niliouleta. Katika utafiti wa Uganda wa miaka ya 1960, Karamoja ndiyo iliyoongoza kwa saratani ya ini na kwa uchafuzi wa chakula, na Wakaramoja ni walaji wa mtama. Basi iweje lawama ziangukie mahindi? Jibu ni kwamba mtama si ngao. Kuvu huota popote palipo na joto, unyevu na punje iliyojeruhiwa, na mtama uliohifadhiwa vibaya hupata sumu, kama karanga na muhogo. Ninachodai ni kitu chenye mipaka zaidi. Mtama, uwele na ulezi kwa kawaida hukutwa na aflatoksini kidogo kuliko mahindi na karanga katika mazingira yanayofanana, na mlo wenye nafaka kadhaa, ndizi na mizizi hauiweki afya ya mtu mikononi mwa gunia moja. Sera za karne ya 20 zilipunguza mchanganyiko huo. Anayekula mahindi mara mbili au tatu kwa siku mwaka mzima hana chakula kingine cha kumpunguzia kiasi cha sumu anachokula. Karamoja inatufundisha kwamba kurudi kwenye mtama peke yake hakutoshi. Haitufundishi kwamba kutegemea zao moja ni salama.

Ya tatu husema kwamba hili ni jambo la hali ya hewa: ukame na joto vinaongezeka, na mkulima wala serikali hawawezi kuamuru mvua. Ni kweli kuvu huanza shambani, na msimu wa jua kali huongeza sumu hata kwa mkulima hodari. Lakini uchunguzi uliofuata maafa ya 2004 ulileta jambo jipya. Watafiti waligundua kwamba kuvu zilizotawala mashariki mwa Kenya zilikuwa za kundi linalotengeneza sumu nyingi mno, na kwamba si kila Aspergillus flavus hutengeneza sumu. Kutokana na elimu hiyo, Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Tropiki na washirika wake walikuza kuvu za kienyeji zisizo na sumu, zinazomwagwa shambani kabla ya mahindi kukomaa ili zichukue nafasi ya zile zenye sumu. Bidhaa hiyo, Aflasafe, imesajiliwa Kenya na Tanzania, na Kenya inaitengeneza yenyewe huko Katumani, Machakos. Kwa hiyo hata sehemu ya tatizo iliyoonekana kuwa ya maumbile ina dawa yake. Kinachobaki ni nani atailipia, na hapo tunafika kwenye mageuzi ya tatu, ya soko.

Chini ya mashirika ya umma, Shirika la Usagishaji la Taifa nchini Tanzania na Bodi ya Nafaka na Mazao ya Kenya, mkulima aliyeuza mahindi mabichi aliweza kukataliwa kituoni kwa sababu ya unyevu. Mashirika hayo yalikuwa na kasoro nyingi: yalichelewesha malipo, yalipata hasara kubwa, na akiba ya umma yenyewe imewahi kukutwa na sumu. Sitetei kurudi yalivyokuwa. Lakini masoko yalipofunguliwa katika miaka ya 1980 na 1990, kazi ya kupima ilitoweka pamoja na ukiritimba, na haikukabidhiwa kwa yeyote. Dalali anayefika shambani na lori hununua kwa debe au kwa gunia la lumbesa. Mahindi makavu na mahindi yenye unyevu hupata bei ileile, na yenye unyevu huongeza uzito palipo na mizani. Soko linalolipa hivyo humwadhibu mkulima aliyechelewa wiki mbili ili akaushe. Vipimo vimebaki kwenye mipaka na bandari, kwa kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki cha sehemu 10 katika bilioni. Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, mjadala ulikuwa mkali, na siku chache baadaye biashara ikaruhusiwa kwa masharti. Wengi waliiona kama vita ya kibiashara. Wachache waliuliza mahindi yaliyokataliwa yangeliwa na nani, ilhali jibu lilikuwa wazi: na sisi.

Ndiyo maana malalamiko ya zamani kuhusu viwango vya Ulaya yanahitaji kutazamwa upya. Mwaka 2001 wachumi wa Benki ya Dunia walikadiria kwamba kanuni mpya za Ulaya zingewapotezea wauzaji wa Afrika dola milioni 670 kwa mwaka, kwa ajili ya kuokoa chini ya maisha mawili katika kila watu bilioni. Hoja hiyo ilikuwa ya haki kwa Mzungu anayekula karanga chache sikukuu. Haikuwa jibu kwa mtoto wa Kiteto, mkoani Manyara, anayekula uji kila siku. Mfumo unaochambua mzigo kwa ajili ya mnunuzi wa nje huacha mabaki nyumbani, na mabaki hayo hayatupwi. Punje zilizooza hulishwa kuku au hugeuzwa pombe ya kienyeji, na pumba na mashudu hupewa ng'ombe. Ng'ombe akila aflatoksini, sehemu yake hutoka katika maziwa ikiwa na umbo jingine, na maziwa hayo hunywewa na mtoto yuleyule tuliyemwondolea punje mbovu. Nchini Kenya, mnamo 1977 na 1978, mbwa na kuku wengi walikufa kwa chakula cha mifugo kilichohifadhiwa vibaya. Chakula cha mifugo kisichopimwa ni njia ya pili ya sumu kufika mezani, na sheria inayopima unga bila kupima pumba hufunga mlango mmoja tu.

Kutokana na historia hii, wajibu unagawanyika kwa namna tofauti na tulivyozoea. Mkulima aendelee kukausha juu ya turubai, kuchambua na kuhifadhi katika mifuko isiyopitisha hewa. Mama anayepika asione kuchambua punje kuwa kazi duni. Lakini wanaotunga bajeti wana deni kubwa zaidi. Kila kituo cha kununulia mazao kiwe na kipimo cha unyevu na cha sumukuvu, na mahindi makavu na safi yalipwe zaidi. Vikaushio viwe huduma ya kata, kama josho la ng'ombe. Mtama, uwele na ulezi virudi katika akiba ya chakula na katika uji wa shule. Chakula cha mifugo kipimwe kwa uzito uleule wa unga. Chanjo ya homa ya ini aina ya B imfikie kila mtoto anapozaliwa, na vifo vya ini visivyoeleweka wilayani vichunguzwe na kuandikwa. Tangu Machakos ya 1981 hadi Dodoma na Manyara ya 2016 ilipita miaka 35, na ushahidi wa Murang'a ulikuwapo kabla ya yote hayo. Wabunge wetu, mawaziri wetu na madiwani wetu wasisubiri orodha nyingine ya marehemu ndipo watenge fedha ambazo zingekuwa kidogo kuliko gharama ya mazishi.